Kinywaji cha Kuendana na Mlenda

Desemba 14, Jumapili

Daftari jipya. Jalada jeusi, karatasi nzito. Siri zangu zote zitakaa humu. Maficho nimeshapata: ndoo ya unga wa uwele jikoni, chini kabisa, limefungwa kwenye gazeti. Nani atachimba unga mpaka chini? Hakuna!

Sababu ya kuandika ni vita. Leo baada ya ibada Baba mkwe, Mzee Bartolomayo, ametuita kwake Ihumwa wakwe zake wote wawili. Mimi niliyemwoa Raheli, binti mkubwa. Na Brighton aliyemwoa Debora, binti mdogo. Mzee amesema magoti yamegoma, hawezi tena kuhangaika na zabibu. Ekari mbili! Anataka kumkabidhi mkwe mmoja azisimamie. Lakini kwanza mtihani. Siku ya Krismasi kila mkwe alete kinywaji kimoja, mvinyo au pombe kali, shauri yake, mradi kiendane na chakula. Amesema anayelima zabibu bila kujua zinavyonyweka huyo analima majani.

Chakula chenyewe ni mbuzi wa kuchoma, kuku wa kienyeji, na ugali wa uwele kwa mlenda. Mzee asipokula mlenda anahesabu hajala, hata iwe Krismasi.

Nalitaka lile shamba. Naandika humu kwa sababu siwezi kulisema popote. Miaka sita nimekuwa mkwe, na Mzee hajawahi hata mara moja kuniita Octavian. Ananiita "wewe wa Busi", kwa jina la kijiji chetu, kama kiroba kilichoshushwa kutoka basi la Kondoa. Brighton ana miaka miwili tu ya ukwe, na anaitwa mwanangu. Nikilishika shamba ataniita kwa jina. Atake asitake.

Brighton alicheka aliposikia neno mlenda. Kwa nini alicheka? Mtu hacheki bure.

Desemba 16, Jumanne

Nimetoroka kazini saa saba, nikaenda duka la vinywaji mjini. Mhudumu anaitwa Emiliana. Anajua kazi yake, au anajifanya. Amesema waini nyekundu ni ya nyama, nyeupe ni ya kuku na samaki, pombe kali ni ya baada ya kula. Amesema pia nyekundu haiwekwi kwenye friji, nyeupe ndiyo inapoozwa. Nikaandika yote kwenye kiganja.

Kisha nikauliza ya mlenda ni ipi.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaenda kumwita bosi wake. Bosi akaja, akanitazama viatu, akauliza kama nimetumwa na watu wa mapato. Nikakana. Akasema katika miaka yake yote ya biashara hajaulizwa swali hilo.

Wakati wa kutoka nilimuuliza Emiliana kama amekuja hapa kijana mrefu, shati limepigwa pasi, ananukia manukato. Akajibu kuwa wateja wengi wananukia. Hakusema hakuja! Huyu ameshahongwa. Nimenunua chupa tatu tofauti kwa makusudi, ili akimpelekea Brighton habari, asijue ipi ndiyo yenyewe.

Desemba 18, Alhamisi

Majaribio. Nilimwomba Raheli apike ugali wa uwele na mlenda, nikafunga mlango wa sebuleni, nikapanga chupa tatu.

Wiski: mlenda uliteleza ukaenda zake, wiski ikabaki kooni peke yake ikiwaka. Hapana. Mvinyo mwekundu mtamu: tonge likawa la zambarau na ladha ikawa ya uji wa mtoto. Hapana! Mvinyo mweupe mkavu, wa zabibu za hapa hapa Dodoma: nilikula tonge moja. Nikala tonge jingine. Nikala la tatu. Mlenda na mvinyo vilikaa pamoja kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini.

Raheli aliingia bila kubisha, akaonja, akasema ni huo huo, Baba ataupenda, nisiguse kitu kingine chochote mpaka Krismasi. Mbona aliharakisha kusema? Debora ni mdogo wake. Wanaongea kwenye simu kila siku, tena kwa Kigogo, na mimi Kigogo nakisikia nusu nusu. Nimeweka alama ya kuuliza.

Jambo jingine. Daftari nimelikuta limelala kifudifudi, na kuna vidole vya unga kwenye ukurasa wa pili. Panya! Kesho nanunua mtego.

Desemba 21, Jumapili

Siamini. Brighton amekuja nyumbani kwangu! Akanisalimia vizuri, akaniita kaka, akasifia ukuta niliopaka rangi. Tayari ishara mbaya. Kisha akatoa chupa yake ya Krismasi kwenye mkoba. Mvinyo mwekundu wa nje, kizibo kimeshafunguliwa kwa kuwa Debora alitaka kuonja. Akasema umeme uliruka friji lao likaungua, na sisi wa Nzuguni tuko karibu zaidi na Ihumwa, hivyo anaomba tumhifadhie mpaka sikukuu.

Nyekundu kwenye friji! Emiliana alisema haiwekwi. Basi kuna mambo mawili. Ama Brighton hajui kitu kuhusu mvinyo, ama huu ni mtego. Mtu mwenye shati kama lile hawezi kuwa hajui. Ni mtego. Adui haweki mkuki wake ndani ya nyumba yako bure.

Raheli akaipokea chupa, akaiweka rafu ya juu. Kwa upole kabisa. Alama ya pili ya kuuliza.

Desemba 22, Jumatatu

Nimefikiri kazini siku nzima, faili zikasubiri. Mtego wa Brighton lazima utanguliwe. Hii si hujuma. Hii ni kinga.

Kwa Mzee kuna desturi, na kila nyumba ya huku inaijua: mwenye kuleta pombe huonja kwanza mbele ya watu, kuondoa sumu, ndipo wengine wanywe. Vizuri sana. Brighton ataonja ya kwake kwanza. Na ikiwa chungu? Atakunja uso mbele ya Mzee, mbele ya mbuzi, mbele ya ukoo mzima. Mkwe anayeshindwa kumeza kinywaji chake mwenyewe! Nani atampa zabibu?

Nimechuma majani ya mwarobaini nyuma ya choo, nikachemsha, nikachuja mara mbili, nikatia vijiko vinne kwenye chupa yake. Rangi haijabadilika. Nimetingisha polepole. Raheli aliuliza kwa nini jikoni kunanuka mwarobaini. Nikasema nasikia homa. Akasema pole sana, nikalale, yeye atakoroga uji wa uwele. Mke mwema, alama za kuuliza nimezifuta zote mbili.

Mtego wa panya umekutwa umefungwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati. Panya wa Dodoma ni werevu kupita kiasi. Na mmoja amekunja kona ya ukurasa.

Desemba 23, Jumanne

Raheli leo ana mafumbo. Wakati wa chai akasema, bila kuulizwa, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia kisima cha Ihumwa kilishachimbwa mwaka juzi na mafundi walitoka wote salama. Akavuta pumzi. Kisha akasema Baba yake hasamehi uongo lakini anasamehe makosa, na mtu akikosea akasema mapema, mambo huisha. Nikakubali. Nadhani anamsema Debora.

Baadaye akataka kusafisha friji. Eti chupa ya Brighton inaweza kumponyoka, bahati mbaya tu. Nikaruka! Nikaishika kwa mikono miwili. Nimesimama mbele ya friji mpaka akamaliza kufuta. Mpango mzima ungemwagika sakafuni.

Desemba 24, Jumatano

Kila kitu tayari. Mvinyo wangu umepoa. Wa Brighton umepoa pia, shauri yake. Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo: uso wa mshangao, uso wa huruma, uso wa kusema pole mwanyumba, maana wanaume waliooa ndugu huitana hivyo wakitaka kuheshimiana. Uso wa huruma ndio mgumu.

Desemba 25, Alhamisi

Krismasi njema. Kwa wengine.

Tulifika Ihumwa saa nne. Mzee alikuwa jikoni kwenye kigoda, anachambua majani ya mlenda mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu. Nikampa shikamoo, akajibu marahaba wewe wa Busi. Raheli akakaa naye huko. Wakakaa sana. Mambo ya baba na binti, sikuingilia. Mzee alipotoka alinitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama kuku aliyekula vifaranga. Nikadhani ni magoti.

Tukasali. Mbuzi akaja, kuku akaja, ugali ukaja, mlenda ukaja unavutika. Chupa mbili mezani. Brighton akamimina ya kwake, akainua glasi aonje kwanza kama desturi inavyotaka. Nikaandaa uso wa mshangao.

Mzee akainua mkono. Akasema mwaka huu desturi itageuka kidogo. Daktari amemkataza pombe tangu Novemba kwa sababu ya dawa za magoti, kwa hiyo ulimi wake umestaafu. Atatumia ndimi zetu. Octa — hapana, hakusema hivyo, alisema wa Busi ataonja ya Brighton, na Brighton ataonja ya wa Busi, na kila mmoja atasema kweli tupu. Mnunuzi wa zabibu hataki maneno matamu, anataka ukweli. Atakayesema kweli kuhusu kinywaji cha mwenzake ndiye atakayeachiwa ekari mbili.

Nilihisi baridi. Ihumwa, Desemba, saa saba mchana, baridi!

Brighton akaonja wangu, akakata tonge, akachovya mlenda, akaonja tena. Akafunga macho. Kisha, mjinga yule, akasema mbele ya watu wote kwamba mvinyo wa kaka ni bora kuliko wake, kwamba yeye alifuata jina tu kwenye chupa, na kwamba hajawahi kunywa kitu kinachokaa na mlenda kama hiki. Mke wake akampigia makofi.

Ikawa zamu yangu. Nikanywa.

Mungu wangu. Uchungu ulipanda mpaka masikioni. Meno yalitaka kuhama. Jicho la kushoto likaanza kutoa machozi lenyewe. Nikimwambia Mzee ni chungu, atauliza kwa nini mvinyo wa dukani uwe mchungu, na chupa ililala kwa nani? Nikasema ni mtamu, Baba.

Mzee akauliza, mtamu? Nikasema sana. Raheli akanikanyaga mguu chini ya meza, nikajua ananitia moyo. Mzee akauliza mara ya pili, taratibu, karibu kwa upole, kama nina hakika, na kama kuna jambo lolote ninalotaka kusema hapa mezani kabla chakula hakijapoa. Kwa kumthibitishia nikaongeza glasi ya pili, nikaimaliza yote. Nikasema unaendana na mbuzi.

Brighton akanyoosha mkono aonje ya kwake. Mzee akamzuia. Akasema usinywe, mwanangu. Akadondoshea ncha ya kidole tone la chupa ile, akaiweka ulimini, akatema pembeni. Treni ikasikika inapita huko chini, akangoja iishe.

Kisha akasema: Octavian, umenidanganya.

Octavian! Miaka sita. Ukoo mzima ulisikia. Najua yaliyofuata si mazuri, Brighton akakabidhiwa ufunguo wa banda la shambani na wanawake wakapiga vigelegele, lakini neno la kwanza kabisa lilikuwa Octavian.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Sikulia. Ni lile jicho la kushoto. Raheli akaniletea ugali, mlenda, na glasi ya ule mvinyo mweupe uliobaki. Ulikuwa mzuri mno. Huo ndio uliouma.

Kabla hatujaondoka Mzee alisema hata mimi nitapata kazi shambani. Wadudu wamezidi kwenye zabibu na dawa yao ni maji ya mwarobaini. Nitabeba bomba la kunyunyizia kila Jumamosi. Akasema anasikia nina mkono mzuri wa kuuchemsha na kuuchuja mara mbili.

Desemba 27, Jumamosi

Mgongo unauma. Bomba ni zito na mikono inanuka mwarobaini hata nikiosha kwa limau. Mzee alikaa kivulini kuniangalia. Mara mbili ameniita Octavian, zote mbili akinikosoa.

Katikati ya mistari ya zabibu nimewaza sana. Amejuaje nilichuja mara mbili? Mara mbili kamili! Nimepitia washukiwa mmoja mmoja. Emiliana hakuwepo jikoni kwangu. Jirani ana kuku tu. Debora hajakanyaga kwangu tangu Pasaka. Amebaki Brighton. Siku ile alipoleta chupa alisifia ukuta, akaugusa kwa mkono. Ameweka kitu ukutani! Kesho nakwangua rangi yote.

Kosa langu halikuwa mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni ulinzi. Pasaka Mzee atataka tena kinywaji, na safari hii nimeshaandika mpango mpya, mkali zaidi, kila hatua, kwa majina na saa.

Lakini ndoo ya unga haifai tena, panya wamezidi na mtego wanauchezea. Daftari hili linahitaji mtu. Mtu mmoja tu duniani ambaye sina alama ya kuuliza juu yake.

Nimempa Raheli anitunzie. Amelipokea kwa mikono miwili, akapangusa unga kwenye jalada. Hakuuliza ni la nini. Ameuliza tu mpango wa Pasaka uko ukurasa wa ngapi, nami nimemwonyesha.