Seti Moja ya Heda

Ugonjwa ulianza na Ngwali. Ngwali wa Sugar Land, mwenye duka la mapazia na mapambo ya harusi, alinunua Mustang nyekundu, akaenda nayo kuswali Ijumaa, na haikupita miezi mitatu watu wetu wa Houston wakawa na Mustang kadhaa, zote za toleo moja, zikitofautiana rangi tu. Ndivyo tulivyo. Mmoja akishona kanzu ya mtindo mpya, mtaa mzima utataka kujua fundi wake ni nani, na huku Texas kanzu zetu zina magurudumu manne.

Ubeid aliziona siku ya harusi moja, mwaka 2003, zimepangana nje ya ukumbi. Alikuwa amesimama kivulini akichokoa meno baada ya biriani pale gari jingine lilipopita barabarani likinguruma hadi vioo vya ukumbi vikatetemeka. Wanaume watu wazima, wenye wake na wakwe ndani ya ukumbi, wakageuza shingo kwa pamoja wakalisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

"Ile ni nini?" akauliza Ngwali kwa sauti ya mtu aliyeonjeshwa pepo.

"Heda," akasema Ubeid.

Hakuwa na hakika heda ni nini. Neno lenyewe alikuwa amelisikia Jumanne ile kwa Severin, Mkongo wa Lubumbashi aliyemfanyia kazi. Lakini Ubeid alikuwa wa wale watu ambao kutojua jambo hakujawahi kuwazuia kulieleza.

"Moshi wa injini yako, Ami Ngwali, unatoka kwa kusukumana, kama watu mlangoni pa ukumbi huu. Chuma cha kiwandani ni kizito na kinabana. Heda ni mabomba yaliyokunjwa kwa ustadi, kila moshi na njia yake. Gari linapumua, linapata nguvu. Na sauti ndiyo hiyo umeisikia."

"Wewe unaziweka?"

"Kwani nafanya kazi gani?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na ingekuwa vyema kama mtu angelijibu. Ubeid alikuwa amepanga stoo yenye mlango wa kukunja huko Alief, akaandika juu yake Ubeid Performance kwa herufi kubwa. Ndani Severin alishusha injini na kuzirudisha huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Nje Ubeid alisema. Mikono yake ilikuwa laini kama ya bwana harusi, na hakuwahi kulegeza nati hata moja.

Jambo hilo halikumkosesha usingizi ila siku za Ijumaa, alipompigia mamake kwa kadi ya simu. Bi Tasnim alikuwa Mombasa, mtaa wa Kuze, mjane wa fundi aliyetengeneza malori ya bandarini hadi siku aliyokufa. Mama huyu hakuiomba dunia kitu ila mwanawe aishi kwa mikono yake kama babake. Kwa miaka tisa Ubeid alimwambia kuwa ndivyo anavyoishi. Na sasa, Mola si Athumani, visa ya Bi Tasnim ilikuwa imetoka.

"Nakuja Agosti, mwanangu," alisema simuni. "Nitakaa kwenye kiti hapo gerejini nikutazame ukifanya kazi. Sitaki kutembezwa kokote."

Ubeid akajibu karibu sana mama, akakata simu, akaketi. Ulimwengu mzima ungeweza kumwita tapeli naye akala akalala. Lakini yule mwanamke mmoja akijua, hatakuwa na mahali pa kuweka uso wake. Alihitaji gereji iliyojaa magari kabla ya Agosti.

Basi heda zikaja kama rehema. Ngwali alitaka kuziona kwa macho yake, kwa hiyo Ubeid akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya: akanunua seti moja ya kweli. Severin akazifunga. Mustang nyekundu ikanguruma, Ngwali nusura alie.

"Baada ya wiki mbili zirudishe," Severin alimwambia. "Moto unalegeza bolti. Ni lazima kuzikaza tena."

Lilikuwa neno la kweli kabisa la ufundi, na Ubeid aliposikia ukweli huo akili yake iliupokea kama ombaomba anavyopokea sarafu. Ngwali aliporudi kukazwa bolti, heda zikatolewa, vile vyuma vya kiwandani vikarudishwa mahali pake, na juu yake likafungwa bati la kuzuia joto ili jicho lisifike. Halafu Ubeid akaagiza sailensa itobolewe matundu chini.

Severin alisimama na drili mkononi. "Patron, hii haiko mzuri."

"Gari likilia," Ubeid alisema, "mwenyewe hufungua masikio, hafungui boneti."

Na ikawa hivyo. Ngwali aliondoka akinguruma kuliko alivyokuja. Wiki hiyo hiyo seti ile ile akauziwa Cheruiyot, mwanafunzi wa udaktari, na wiki mbili baadaye naye akakaziwa bolti kwa namna hiyo. Severin alifanya aliyoambiwa, kwani mwezi ulikuwa haujaisha na mshahara haujatoka, ila akapunguza mluzi.

Mteja wa tatu alimfanya Ubeid afikiche viganja. Bi Mahfudha alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na moja, mtoto wa Kuze vilevile, aliyewanyanyua na kuwaogesha wazee wa watu kwa miaka kumi na tisa, kisha siku moja akajinunulia Mustang ya buluu, na wanawake wenziwe wakamsema hadi wakachoka. Mwanamke peke yake, Ubeid aliwaza, atajua nini kuhusu ekzosi?

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakuja Agosti."

Ubeid akalizunguka gari, akaona kwenye vioo vya pembeni, kwenye taa, hata kwenye vifuniko vya magurudumu, namba ya gari imechongwa kama wafanyavyo watu wa Mombasa. Akacheka kwa moyo wote.

"Bi Mahfudha! Huku Amerika nani ataiba kioo?"

"Huku hawaibi vioo," alisema. "Lakini mimi si wa huku."

Kisha akaomba jambo moja. Kabla heda hazijafungwa alitaka aachwe nazo kidogo azisomee dua, maana chombo cha moto ni chombo cha moto. Ubeid, ambaye hakukosa adabu, akatoka nje. Akasikia mlio mdogo, kama wa nyuki.

"Nini hicho?" alimwuliza Severin aliyekuwa mlangoni.

"Feni," akasema Severin.

Gereji ile haikuwa na feni. Ubeid alikuja kulikumbuka hilo baadaye, wakati kukumbuka hakuna faida.

Wiki mbili zikapita, bolti za Bi Mahfudha zikakazwa kama za wenzake, na seti ikawa tayari kwa mteja wa nne. Huyu alikuwa Elphas, mzee wa kanisa na karani wa bima, aliyeendesha saa nne na nusu kutoka Lewisville, karibu na Dallas, kwa sababu shemejiye, Cheruiyot, alimpigia simu akamsikilizisha injini. Elphas hakutosheka kuona heda kwa mbali. Alivaa miwani, akazigeuza, akazipapasa.

"Fundi, na hizi namba zimechorwa hapa ndani ni za nini? R73 KBN."

Ubeid hakuwahi kuziona. Mtu mwingine angesema sijui, lakini neno hilo halikupata kutoka kinywani mwake tangu alipoota meno.

"Serial number. Hizo ni toleo maalum, zilitoka chache sana Amerika yote. Nilikuwa sitaki kukwambia, nisije nikakutisha na bei."

"Bei si tulisha-agree?"

"Ile ilikuwa ya zisizo na namba."

Elphas akalipa ya zenye namba, tena kwa furaha. Severin, chini ya gari, akakohoa.

Siku tisa baadaye ilikuwa tarehe nne Julai, na Wakenya wa Dallas na wa Houston wakakutana kwenye bustani moja kuchoma nyama. Ubeid alikuja na kadi zake za biashara. Elphas alikuja na Mustang yake, akaiegesha mahali pa kuonekana, akafungua boneti na kukusanya watu kama muuza dawa za meno.

"Sikizeni, wenzangu. Msidhani ni heda za kawaida. Hii ni limited edition, iko na serial number. Nimei-memorize kama memory verse! R, seventy-three, K, B, N."

Watu wakapiga makofi. Ngwali akanuna waziwazi. "Ubeid! Mbona zangu hazina namba?"

"Hebu isome tena, mwanangu," ikasema sauti nyuma yao. Bi Mahfudha alikuwa amesimama na sahani ya pilau. "Masikio yangu ya uzee."

Elphas akairudia kwa fahari, herufi kwa herufi. Bi Mahfudha akageuka taratibu, akalitazama gari lake la buluu lililoegeshwa pembeni, na Ubeid akayafuata macho yake mpaka kwenye namba iliyokuwa nyuma yake. R73 KBN. Alikuwa ameiona kwenye vioo, kwenye taa na kwenye magurudumu, akaicheka, asiisome.

"Mashaallah," akasema Bi Mahfudha. Akampa Elphas sahani amshikie, akamshika Ubeid mkono wa shati, akampeleka hadi nyuma ya meko ya nyama.

"Mombasa niliibiwa vioo mara tatu," alianza, bila kupandisha sauti. "Mara tatu nikavinunua sokoni kwa yule yule aliyeviiba. Mara ya nne nikavichonga. Unajua mwizi alisemaje alipokuta namba yangu?"

"La."

"Alisema pole, mama. Wewe hata pole hujanipa."

"Pole, Bi Mahfudha."

"Umechelewa."

"Utaita polisi?"

"Polisi wa nini? Nitapiga simu Kuze."

Ubeid alikuwa amewahi kusimama mbele ya maafisa wa uhamiaji asitokwe na jasho. Sasa akaichomoa simu mfukoni kwa pupa.

"Wallahi, si mamangu! Ita polisi, Bi Mahfudha. Simu yangu hii hapa, nitakupigia mimi mwenyewe."

"Mamako na mimi tumechota maji bomba moja. Babako aliitengeneza gari ya marehemu babangu asikubali malipo, kwa sababu ilimshinda. Wamjua babako wewe?" Ubeid kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kikazi akaona haya. "Basi sikiliza. Heda zangu zirudi kwangu. Hao watatu kila mmoja apate zake, na sailensa nzima. Na utazifunga wewe, kwa mikono yako. Severin asiguse hata nati."

"Seti tatu nitazitoa wapi?"

"Nitakuletea. Bei ni ile uliyomuuzia Elphas, ya zenye namba."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Ubeid alikuwa na Lexus nyeupe, kitu pekee duniani alichokuwa amekilipia chote. Akaiuza. Bi Mahfudha akaleta maboksi matatu, na Ubeid alipoyafungua, tayari akiwaza kwamba labda moja lingeweza kutembea kidogo kabla ya kufika kwa mwenyewe, akakuta kila seti imechongwa. Moja namba ya gari la Ngwali, moja la Cheruiyot, moja la Elphas.

Severin akaketi kwenye kiti na chai yake. "Ile bolti haiombi nguvu, patron. Inaomba busara. Ikikatika, ni wewe utalia."

Ilikatika, na Ubeid akalia. Alijichubua vidole, akajimwagia oili, akafunga gasketi kichwa chini miguu juu, akafungua, akafunga tena. Ngwali alipolipokea gari lake, sasa lina heda halisi na sailensa isiyotobolewa, akalisikiliza na kukunja uso.

"Umeniharibia gari, Ubeid. Zile za kwanza zilikuwa zikilia zaidi!"

Agosti Bi Tasnim akafika. Bi Mahfudha ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, kwa kuwa mwanawe hakuwa na gari, akamleta moja kwa moja Alief huku Mustang ya buluu ikinguruma mtaa mzima. Ubeid alikuwa chini ya gari la Elphas, la mwisho. Akajiburura kutoka, ameloa jasho, uso mweusi tititi kwa masizi.

Mamake alimshika mikono yote miwili akaigeuza, akazitazama kucha nyeusi na vifundo vilivyochubuka, akaibusu.

"Mikono ya babako," alisema, na machozi yakamtoka. Ubeid naye akalia. Alilia kwa haya na kwa raha, na kwa sababu kidole gumba kilimuuma sana.

"Utakaa siku ngapi, shangazi yangu?" Severin alimwuliza Bi Tasnim, akisimama kumpa kiti chake.

"Wamenipa miezi sita," alisema Bi Tasnim akiketi vizuri na kujifunga leso. "Na nitakuja hapa kila siku nimtazame."

Bi Mahfudha akaitazama saa yake, akasema magari mengine mawili ya kufungwa heda yalikuwa njiani kutoka Lewisville. Severin akamnyooshea Ubeid spana.