Manyoya ya Panya Vipara

Jumatatu, 3 Machi
Panya vipara wameota manyoya. Nieleze taratibu, kama nilivyozoea darasani kabla sijastaafu na kuja kutunza vizimba vya maabara. Daktari wa utafiti anapima kwenye ngozi yao dawa ya kupunguza kinga ya mwili, ile wanayopewa waliopandikizwa figo ili mwili usikatae kiungo kigeni. Manyoya hakuyatafuta mtu. Yamejiotea. Nami ndiye niliyeyaona kwanza.
Mama mshonaji, mjane wa nyumba ya pili, atajibu posa yangu mwisho wa mwezi. Kinyozi naye ameposa. Nywele zake zinaanzia kwenye nyusi. Mimi sina hata moja.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza. Masalio ya dawa, matone kwenye mkate wangu wa asubuhi. Shida ni moja: daktari akiyaona manyoya atapunguza dozi, na masalio yatakwisha. Kwa hiyo nimewanyoa panya wote kwa wembe. Kazi ngumu, hawatulii. Daktari aliuliza mbona wanang'aa. Nikasema ni usafi. Akaniita mzee wa kutegemewa.

Ijumaa, 21 Machi
Nywele zimetoka. Masikioni, puani, mabegani. Kichwani hamna kitu. Sababu ni nyepesi: mizizi ya panya ilikuwa imelala tu, yangu ilistaafu kabla yangu. Kinyozi alinisimamisha njiani. Akasema, babu, huko juu sina kazi nako, nakupangusa tu, lakini masikio hayo yanasukika. Nilikohoa, nikaendelea na njia yangu.

Jumatano, 26 Machi
Homa imenilaza tangu Jumamosi. Kinga imeshuka, kama vitabu vinavyosema. Nimerudi leo. Kumbe panya hawakuningoja nipone, wamevaa makoti ya manyoya. Nilimwambia daktari ni baridi. Akatazama panya, akatazama masikio yangu, akavuta kiti akakaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi yake ya miezi imeharibika, kwa kuwa ngozi anayoipima imejaa mikwaruzo ya wembe. Akasema, mzee wangu, si ungeniuliza tu? Ningekueleza. Kisha akanipeleka hospitali mwenyewe, kwa gari lake.
Hakunifukuza. Nimehamishiwa kwa sungura.

Jumapili, 30 Machi
Mama mshonaji alinikaribisha kiti, akaendelea kupinda suruali ya mtu. Habari zote anazo. Mtaa huu hauna pazia. Akasema marehemu mumewe alikuwa na kipara, naye alikizoea, na kwa kweli alikwisha kuamua kunikubali. Lakini mtu anayemnyoa panya ili asikamatwe, akasema, mke atamficha mangapi? Akakata uzi kwa meno. Kinyozi naye, akasema, amemkataa kwa sababu ya umbeya wake. Hilo halikunifariji kama nilivyotarajia.
Akasema tena, taratibu, kwamba mlango haujafungwa, ila nije nikiwa mtu mkweli.

Jumatatu, 31 Machi
Nimetafakari usiku kucha maneno yake. Ni mwanamke mwenye busara. Nitabadilika.
Sungura hawa wanajaribiwa dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Jambo la ajabu, matumbo yao yamekwisha kabisa, wamekuwa na viuno. Kuhusu kitambi changu mama mshonaji hakutamka lolote, yaani kinamkera, anaona haya kusema. Masalio yapo kwenye friji. Daktari asigundue kitu, asubuhi nitawashibisha sungura kabla hajawapima uzito.