Nyasi Zenye Pembe Mbili

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Mkutano wa kikundi cha wakulima, Moding. Afisa wa kilimo, Bi. Nerima, alionyesha picha ya nyasi za kigeni zenye shuke lililogawanyika kama pembe za ndama. Atakayeleta shina kwenye mkutano wa Jumamosi na kueleza zinapoota ndiye atakayesimamia meza yetu ya maonyesho Nambale. Jirani yangu Asekenye ameisimamia miaka mitatu. Inatosha! Niliposikia “za kigeni” niliondoka. Wengine walibaki kusikiliza. Wazembe.

Jumanne, 8 Aprili
Hoja ni nyepesi kwa mwalimu mstaafu kama mimi. Kitu cha kigeni hutoka ugenini. Ugenini ni Uganda. Mke wangu Akiteng aliuliza ikiwa nimetazama uani kwanza. Nilimjibu kwamba uani hakuna mgeni ila kaka yake, aliyekuja Krismasi.

Jumatano, 9 Aprili
Nilivuka Malaba. Nikazipata mtaroni, kando ya malori! Nikang'oa gunia zima, mizizi na udongo. Nilimwonya mwendesha boda boda kwamba amebeba ushindi. Akalalamika: “Mzee, ushindi wako unanimwagia matope mgongoni!”
Mpakani, mkaguzi wa mimea akalizuia gunia. Hakuna kibali. Nikamweleza kwamba nyasi hizi ni adimu. Akachungulia, akawaita wenzake waje kucheka. “Mzee, hebu tazama chini ya viatu vyako.” Nilikataa. Mtu mwenye heshima hatazami chini kwa amri. Gunia likachomwa.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimevukia Busia, wasikonijua. Mashina matatu ndani ya kofia. Nimefaulu!

Jumamosi, 12 Aprili
Mkutanoni, Asekenye alileta shina lenye umande. Akaeleza: zinaota njiani, kisimani, uwanja wa mpira, popote penye unyevu panapokanyagwa. Makofi.
Nikavua kofia. Mashina yalikuwa yamekauka, pembe moja imevunjika. Bi. Nerima alikubali kwamba ndizo. Akauliza zinapoota. Nikasema kwa sauti: Uganda.
Walicheka hadi wakagaagaa juu ya nyasi. Nyasi hizo hizo. Asekenye anakwenda Nambale mwaka wa nne. Akanipa mkono: “Pole, mwalimu. Ungeniuliza tu.”

Jumapili, 13 Aprili
Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Bi. Nerima alitaja jana kwamba asili ya nyasi hizo ni Amerika ya Kusini. Basi kosa langu ni dhahiri: nilikwenda karibu mno. Nimeanza kuandika barua ya kuomba pasipoti.