Saluni ya Vitu Vilivyozirai

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeuokoa ukoo. Bado hawajajua.

Mambo yako hivi. Dada ameacha kazi katika saluni ya watu. Hakuacha kimyakimya. Alimwambia tajiri wake maneno ambayo hayarudi tena mdomoni, akatoka na kitana chake kichwani kama taji. Kurudi hawezi. Shangazi, mwenye nyumba hii tunayoishi sisi na Bibi, amempa chumba cha mbele afungue saluni yake mwenyewe. Ila kwa sharti. Jumapili anakuja kukagua. Akikuta saluni, chumba ni cha Dada. Akikuta msichana mmoja na kitana kimoja, anakijaza magunia yake ya mitumba mpaka darini, na Dada akatafute pa kwenda kuomba radhi.

Dada hana kiti cha kuzunguka, hana draya, hana kioo. Anasema ana mikono. Nikamwambia mikono hata mimi ninayo. Akaniangalia vile anavyomwangalia chawa wa mteja.

Seremala wa mtaani, tunayemwita Randa, naye alikuwepo. Siku hizi yupo kila alipo Dada. Akasema eti kiti kizuri kinataka wiki tatu, mbao lazima zikauke. Nikamuuliza, mbao zikauke na Dada naye akauke? Akasema dogo, haraka haraka haina baraka, subira huvuta heri. Nikamjibu kwamba subira inavuta, ila umeme unavuta haraka zaidi. Bibi akacheka mpaka meno yake ya bandia yakataka kuhama. Randa hakucheka. Moja bila!

Nikatangaza: saluni nzima naijenga mimi, kwa vitu vya stoo. Kila nyumba ina utajiri uliolala. Watu wanaona kitu wanasema kimekufa. Mimi nasema kimezirai tu, kinamsubiri daktari. Na daktari ni huyu hapa. Shule niliacha kidato cha pili, lakini si kwa ujinga. Shule ndiyo iliyoishiwa.

Dada akasema sawa, kwa kuwa hana njia nyingine, lakini nisithubutu kugusa kitu kinachotumika. Nimeahidi.

Kutumika ni neno pana.

Jumanne, 10 Juni

Nimeingia stoo. Pepo tupu! TV ya chogo, yenye kisogo kirefu kama mtoto aliyelazwa vibaya. Pasi ya mkaa ya Bibi. Sufuria kubwa yenye tundu. Na mashine ya kufulia ya Shangazi, aliyoileta mwaka jana akasema imekufa, akaondoka bila kuizika.

Nimeanza na draya. Saluni za wakubwa zina kofia kubwa inayopuliza joto kichwani. Basi, joto ni joto. Sufuria nimeigeuza kofia, nikaining'iniza darini kwa kamba ya kuanikia nguo. Kwenye tundu nikachomeka bomba la chini ya sinki la jikoni. (Halikuwa linatumika. Wakati ule hakuna aliyekuwa anaosha chombo.) Mwisho wa bomba, pasi ya mkaa, mdomo wazi, makaa yamekolea. Nyuma ya pasi, feni ya mezani. Sayansi!

Dada alikaa shingo upande, na ndivyo sufuria ilivyokuwa imening'inia, kwa hiyo walipatana.

Nywele zilikauka. Hilo hata adui zangu hawalikatai. Tatizo ni kwamba feni haina ubaguzi. Ilipuliza joto, ikapuliza na majivu. Dada aliingia chini ya sufuria msichana, akatoka ajuza. Mvi kichwa kizima hadi kwenye nyusi. Bibi alipomwona akampa shikamoo.

Wakati huohuo maji yalikuwa yameshatoka jikoni yako ukumbini, maana watu wa nyumba hii wanaosha vyombo bila kutoa tangazo.

Tathmini ya fundi: nusu nzima imefaulu. Kavu, ndiyo. Nyeusi, bado.

Jumatano, 11 Juni

Dada ameficha nyundo. Nimegundua kwamba pasi ya mkaa ni nyundo nzuri kuliko ilivyokuwa draya.

Alhamisi, 12 Juni

Kiti! Leo kiti!

Fikiria. Kiti cha saluni kinazunguka. Mashine ya kufulia inazunguka. Nani mtaa mzima aliyeliona hilo? Hakuna. Watu wana macho ya kutafutia viatu tu.

Nimeng'oa mfuniko wa mashine. Ndani, kwenye ile pia ya katikati inayozungusha nguo, nimefunga ndoo ya chuma kichwa chini. Juu ya ndoo, kiti cha plastiki kilichokatika miguu. (Ilikatika leo. Kwa msumeno. Lakini ilikatika.) Juu ya kiti, mto wa Bibi, maana alikuwa ameshaamka. Ukikisukuma kwa kidole kinazunguka kama dunia.

Nikamwita Dada aje akijaribu. Akasema afadhali akalie kaa la moto.

Hapo akatokea Randa, eti anarudisha bisibisi, ilhali hatujawahi kumwazima bisibisi. Alipoona kiti changu akacheka akajishika mbavu. Akasema hicho si kiti, ni mtego wa fisi. Nikamwambia pole kaka, kama mtu anaogopa kiti tutamtandikia chini kama mtoto. Dada alikuwa anatazama. Mwanamume akitazamwa hukalia chochote. Randa akakaa.

Nikamzungusha kwa mkono, taratibu, kulia na kushoto. Laini! Dada akatabasamu, ingawa sikuelewa kwa nini tabasamu lilikwenda kwa aliyekaa na si kwa aliyeunda.

Nikaona nipambe kidogo. Nikachomeka plagi kwenye umeme ili kile kitaa chekundu kiwake, kipendeze. Mashine si imekufa?

Kumbe Shangazi haijui mashine yake. Haikuwa imekufa. Nadhani hata kuzirai ilikuwa haijazirai. Ilikuwa imenuna tu.

Ikaguna. Ikaanza yenyewe, pole pole, kulia, kushoto, kama inafua mashuka. Randa, bado amevimbisha kifua mbele ya Dada, akasema inatosha dogo. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Sasa, maandishi yote yalikuwa yamefutika. Hakikuwa cha kuzima. Kilikuwa cha kukamua.

Sijawahi kuona seremala akikamuliwa. Penseli ya sikioni ilitangulia. Ikafuata kofia, zikafuata misumari ya mfukoni, ting ting ukutani. Kila alipopita mbele yangu alitamka neno moja. Baadaye nimeyaunga yale maneno, imetoka sentensi kamili, na ndani yake tumo mimi, ukoo wangu na mahali tunapopaswa kwenda. Ni Dada aliyeruka akachomoa plagi. Randa akashuka kwa heshima zote, akauaga ukuta, akaelekea kazini kwake, akaingia kwa jirani.

Mcheka kilema hafi hakijamfika. Mbili bila!

Dada amegoma kusema nami. Haidhuru. Kiti tunacho.

Ijumaa, 13 Juni

Dada amevunja mgomo kwa neno moja: kioo. Amesema kuhusu kiti na draya ameshamwachia Mungu, ila saluni bila kioo Shangazi hataiita saluni, na keshokutwa ndiyo Jumapili. Nimtafutie kioo kikubwa. Tafadhali. Ametumia neno tafadhali! Hali ni mbaya.

Nikambebea TV ya chogo mpaka mezani kwake. Kioo inchi ishirini na moja. Akafumba macho muda mrefu. Akasema alitaka kioo cha kujitazama, si kioo cha kutazama. Kiswahili hiki nacho! Cha dirisha kioo, cha TV kioo, cha simu kioo, halafu mjinga naonekana mimi.

Lakini akili yangu haikubali kulala njaa. Nikawaza: kukiwa na giza nje, dirisha unajiona. Taa ya ndani ni ileile, sura ni ileile. Kilichobadilika ni giza la nje. Kwa hiyo kioo ni nini? Ni dirisha lenye giza nyuma yake! Nimewaza hivyo peke yangu, bila mwalimu.

Nimeng'oa kioo cha dirisha la chumba cha mbele. Hakuna aliyekuwa anachungulia. Nyuma nimekipaka dawa nyeusi ya viatu, kopo zima, nikakigandisha ukutani. Unajiona! Kama mtu aliyesimama kwenye moshi wa nyumba inayoungua, lakini unajiona. Bibi alisimama mbele yake akauliza yule mama mnene anamtaka nani.

Lile tundu la dirisha nimeliziba kwa TV. Imeenea kama ilizaliwa pale, sura nje, kisogo ndani. Sasa watoto wa mtaa wamekaa barabarani mbele ya dirisha letu wanasubiri ianze. Matangazo ya bure hayo!

Jumamosi, 14 Juni

Dada ameniomba kitu kimoja tu kwa ajili ya kesho: nisiwepo. Nimekubali. Nitakuwa nyuma ya mlango.

Jumapili, 15 Juni

Shangazi amekuja na mitumba yake. Sio habari ya mitumba. Mitumba yenyewe, kwenye mkokoteni, tayari.

Nje akakuta watoto wanaangalia dirisha. Akauliza wanaangalia nini. Wakamwambia asiwazibe. Akaingia ndani. Akageuza shingo polepole kama feni yenye kutu. Akauliza ile siyo TV yake. Ni yake. Akauliza ile siyo sufuria aliyoachiwa na mama mkwe. Ndiyo yenyewe. Akafika kwenye mashine yake ya kufulia iliyokaliwa na kiti kisicho na miguu, na hapo akaacha kuuliza.

Akasema alitoa chumba kwa ajili ya saluni, amekuta dampo lenye dari. Akamwamuru mwenye mkokoteni ashushe magunia. Dada hakujitetea. Alisimama tu katikati ya chumba, anaitazama mikono yake kama imemwambia uongo.

Ikabidi nitoke nyuma ya mlango nieleze. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza habari ya vitu kuzirai, nikaeleza giza la nyuma ya kioo, nikaeleza jinsi Randa alivyokamuliwa. Hapo ndipo Shangazi alipopaza sauti kwelikweli. Majirani wakaanza kujaa mlangoni. Akanirukia, mimi nikapita huku, yeye akapita kule, sufuria ikamkwangua kichwani, kilemba kikabaki kwenye sufuria.

Dada akasogea. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, Shangazi, nani amekusuka hivi? Akasema nywele za mbele zinakatika, zimevutwa mno, bila shaka kichwa kinamgonga kila siku. Shangazi alikuwa amefungua mdomo animalize, akaufunga. Mimi sijawahi kuona mtu akimnyamazisha Shangazi katikati ya neno. Akasema kwa kununa kwamba kinamgonga kweli, amemeza dawa zote, hakisikii.

Dada akavuta kigoda cha jikoni. Akamketisha. Akafumua msuko mmoja mmoja, taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akaosha kwa beseni na jagi. Akapaka mafuta akikanda utosini. Alipoanza kusuka upya, Shangazi alikuwa anakoroma. Mwenye nyumba! Anakoroma na mkokoteni unamsubiri! Wale majirani waliokuja kusikiliza ugomvi wakawa wananong'ona kuulizana foleni inaanzia wapi.

Alipozinduka akajipapasa kichwa. Akasema kimekuwa chepesi kama si chake. Akauliza kioo kiko wapi. Nikamsogeza mbele ya changu. Akatazama, akatazama tena, akasema haoni kitu ila anajisikia mzuri.

Magunia yamerudi yalikotoka. Chumba ni cha Dada, na ufunguo kapewa mkononi. Dada alilia, akacheka, akalia. Shangazi ameondoka na mashine yake kwenye mkokoteni, juu ya mitumba, maana amesikia inafanya kazi. Mtu kafufuliwa mashine na hajasema hata asante. Sharti jipya ni moja: mimi nisikanyage chumba kile nikiwa na msumari.

Jumatatu, 16 Juni

Tangu asubuhi Randa yuko saluni. Ameleta kioo cha kweli na kiti kisichokwenda popote, eti cha muda, mpaka mbao zikauke. Yeye na Dada wanachekacheka kama redio mbili. Mtaa mzima unasema mikono ya Dada ina dawa. Mikono!

Nimekaa nikachambua. Bila mashine yangu Shangazi asingekasirika. Asingekasirika asingenikimbiza. Asingenikimbiza, kilemba kisingevuka. Kilemba kisingevuka, nani angeona nywele zinakatika? Kwa hiyo saluni ile nimeijenga mimi, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa hesabu. Nimemweleza Dada. Amenipa ufagio.

Sasa kuna upungufu mwingine, nao wamemwachia nani? Wateja ni wengi, wanasubiri wamesimama. Panahitajika benchi. Ubao mmoja mrefu, imara, uliozoea watu. Nimeuona. Mlango wa choo! Mlango ule una kazi muda mchache tu. Siku nzima iliyobaki unazurura kwenye bawaba.

Ya juu nimeshaifungua, sasa naingia ya chini. Bibi yumo ndani anajiimbia. Hajashtuka kitu.