Paspoti Juu ya Vuria

Alhamisi, 9 Januari 2025
Nishajiandikisha! Hoteli mpya hapa Voi yataka picha moja kubwa ya ukutani: Kilimanjaro kutoka kilele cha Vuria. Sharti, mpiga picha atembee kwa miguu toka Voi mpaka juu. Tuko wawili tu, mimi na Fuad mwenye studio ng'ambo ya barabara. Picha yangu ikitundikwa, mji mzima utaacha kuniita Paspoti. Miaka kumi na mmoja napiga watu picha za vichwa mbele ya pazia jeupe, jina likaniganda. Hata mama mkwe huniita hivyo!

Fuad kajitwika begi kubwa utadhani anahama. Mjinga. Langu, lenye chaja, betri za akiba na mahamri ya mke wangu Nasiha, nimempa Morris wa bodaboda. Atangulie nalo Wusi, chini ya kilele, aliache kwa Mama Wakesho, mteja wangu. Sharti lasema mimi nitembee. Begi halikutajwa.

Ijumaa, 10 Januari
Mwatate. Malengelenge mawili. Nimeswali Ijumaa hapa, Fuad yuko safu ya mbele. Akaniuliza mzigo wangu u wapi. Nikamwambia wataalamu hutembea wepesi. Akanipa plasta. Nimeipokea, lakini asante sikusema.

Jumamosi, 11 Januari
Balaa! Wusi kila nyumba ya pili ina Mama Wakesho. Morris hapatikani kwa simu. Mama Wakesho wa kwanza, siye. Begi hajaliona, ila akasema mgeni hapiti bila kula. Kimanga, mihogo na maharagwe yamepondwa pamoja, sahani inafurika. Kisha akaona kamera, akaita watoto, wakabadilisha nguo. Wa pili: kimanga, picha. Wa tatu: kimanga, picha, na ng'ombe naye apigwe. Wa nne akalalamika kwamba wa tatu nimempiga nyingi kumshinda.

Kufika wa sita, betri imebaki mstari mmoja mwekundu, nami siwezi kuinama. Nimepewa kitanda. Kusema kweli, nimefurahi. Kumbe watu wakipigwa picha hucheka! Studioni kwangu huwa nawakataza.

Jumapili, 12 Januari
Kileleni, jua lachomoza. Wingu likafunguka. Kilimanjaro, theluji na kila kitu! Subhanallah. Nikabonyeza. Kamera ikazima. Nikaitikisa. Nikaitia kwapani ipate joto. Wapi! Nikaruka, nikainua mikono juu, nikapiga kelele ambazo siziandiki hapa. Nyuma yangu nikasikia kamera: ka, ka, ka. Fuad.

Nikamwomba betri. Yake haiingii kwangu. Roho iliniuma sana. Tukala biskuti zake.

Kushuka, Mama Wakesho wa saba akanikabidhi begi. Mahamri yalishaliwa. Aliyasifu.

Jumamosi, 25 Januari
Imetundikwa ya Fuad. Mlima mzima, na mbele yake mwanamume kaupa mgongo ulimwengu, mikono juu. Waamuzi wa hoteli wamesema hawajaona furaha kama ile. Chini pameandikwa: "Paspoti juu ya Vuria."

Mama mkwe ameenda kuiona mara mbili. Mimi nimesimama chini yake saa nzima. Watu watatu wamenitambua, ilibidi tu nigeuke kidogo.

Fuad aomba tutembee tena mwezi ujao, mpaka Mata, kwenye mashamba ya ndizi. Nimekubali. Begi nishampa Morris. Safari hii nimemwelekeza vizuri kabisa: aliache nyumba yenye mgomba mlangoni.