Helikopta ya Wagonjwa na Turubai la Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Kamati ya kijiji ya kuomba helikopta ya wagonjwa imekutana dukani kwangu, katikati ya vyerehani. Mvua zilizopita mama alishikwa na ugonjwa wa moyo, tukamshusha hospitalini kwa trekta. Nilimkumbatia njia nzima asidondoke. Sitaki kurudia. Ijumaa shirika la hisani lenye helikopta ya wagonjwa linakuja kukagua uwanja wa shule. Wakiridhika, tumepona. Uenyekiti anautaka mfamasia. Mimi pia. Yeye ana pikapu, mimi ndiye mwenye wazo! Uamuzi baada ya ukaguzi.

Jumatano, 5 Machi

Rubani kapiga simu. Uwanja uwe mtupu, kisiwepo kitu cha kupeperuka. Nikamwambia aondoe shaka. Kisha nikaenda kukodi turubai. Mgeni rasmi hawezi kukaa juani kama nguo zilizoanikwa. Mfamasia akauliza, na upepo je? Wivu tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, atakuwa mgonjwa wa maonyesho. Kazi yenyewe ni kulala kwenye machela. Kwa hiyo hana mpinzani. Wahudumu nitawaeleza kwenye hotuba kwamba ni maigizo.

Ijumaa, 7 Machi. Hospitalini.

Helikopta ilishuka vizuri. Turubai nalo likapaa vizuri. Likaondoka na kofia ya mgeni rasmi na hotuba yangu yote. Nguzo moja ikanipitia mguuni. Umevunjika. Nilipiga mayowe, nani asikie kwa mngurumo ule?

Muuguzi wa helikopta akamwita shemeji. Kimya. Akamfinya. Kimya. Aliniahidi hatafumbua macho liwalo na liwe, na hiyo ndiyo ahadi pekee aliyowahi kuitimiza maishani. Wakampakia, wakaruka naye.

Mimi nimeshushwa na pikapu ya mfamasia. Kila shimo nimelisikia kwenye mfupa. Mfamasia hakunisimanga hata kidogo, na hilo limeniuma kuliko mguu. Wodini nikamkuta shemeji kitanda cha pili, katundikiwa dripu, anauliza chakula cha jioni kinaletwa saa ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Shirika limekubali! Rubani kamwambia mfamasia kwamba mguu wangu kuteseka vile barabarani kumewaonyesha shida yetu kuliko hotuba yoyote. Sharti ni moja: asione tena turubai uwanjani. Kamati imempa mfamasia uenyekiti. Wasaliti.

Mama kaja kunitazama. Kasema mvua zikija mwaka huu hataogopa. Machozi yakanitoka. Nikamwambia ni mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Uzinduzi ni mwezi ujao. Mwenyekiti kanionea huruma, kanipa kazi ya mapokezi ya wageni. Sharti la rubani nimelitafakari kwa makini asubuhi nzima. Tatizo letu lilikuwa kamba. Nimempigia mwenye maturubai aniwekee lile kubwa kabisa, na kamba nene. Shemeji naye kaomba asinyang'anywe nafasi yake.