Mguu wa Baba Mkwe Usiguse Chini

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Baba mkwe kakohoa, kaegemeza fimbo yake ukutani, katangaza. Pikipiki yake kuukuu, ambayo goti halimruhusu tena kuiendesha, itakuwa ya mkwe mmoja kati yetu wawili. Mimi nimekabidhiwa kwanza, kwa majaribio. Jumapili baada ya chakula nimpakie nyuma, nimpeleke kwa mdogo wake upande wa pili wa mji. Mguu wake usiguse chini mpaka mlangoni. Ukigusa, pikipiki inakwenda kwa mwanyumba.

Mwanyumba ndiye aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu. Fundi wa vioo vya madirisha. Ananiita mdogo wangu, wakati nimemzidi umri na mvi. Ana baiskeli yenye kengele. Mimi nina mayai ya kuuza na miguu miwili. Mwoka mikate amesema atachukua mayai yangu yote kila asubuhi, mradi yafike kabla hajaanza kukanda unga. Kwa miguu hayafiki. Pikipiki hii nikiikosa, nimekwisha.

Jioni nimeikagua. Katikati ya mfuniko wa tangi pana kitundu! Kidogo, sindano ndiyo inapita. Nani katoboa? Jana mwanyumba aliishikashika, eti anaifuta vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka mvua iingie kwenye petroli! Nimekiziba kwa gundi ya viatu, nikapaka mara mbili. Nimemwahi.

Jumanne, 4 Machi

Imezimika. Njia imenyooka, mbele ya shule, wazazi wote wanatazama. Kwanza ikakohoa, ikalegea, ikakata roho polepole. Nikafungua tangi nione kama kuna mafuta. Likavuta pumzi, fyuuu! Mafuta yapo tele. Nikafunga, nikapiga kiki. Ikawaka mara moja. Sielewi.

Nilipokata kona kuingia kichochoro chetu, ikazimika tena. Safari hii haikukohoa. Pap! Sisi tukasimama, mayai yakaendelea na safari. Mke wangu kauliza tutakula nini usiku. Nikamjibu mayai.

Nimepata jibu: ina aibu. Inazimika penye watu.

Jumatano, 5 Machi

Si aibu. Leo imezimika nyuma ya makaburi, hapana mtu hata mmoja, angalau wa kutazama.

Nimeipeleka kwa Fundi Kesho. Jina lake halisi hakuna anayelijua, kwa sababu ukimwuliza chochote anasema njoo kesho. Leo kwa bahati alikuwa na nafasi. Akaitia moto: inanguruma vizuri kabisa! Akaipandisha mori, akaishusha, haikutetereka. Mtoto anaharisha usiku kucha, akifika kwa daktari anacheka.

Fundi akatoa plagi, akaitazama kwa jicho moja, akasema imechoka. Kaweka mpya. Akafungua tangi akanusa, akafunga. Kisha akauliza kama nimeigusa popote. Nikasema sijaigusa kabisa. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikujua anamsema nani, nikatikisa kichwa kwa niaba ya huyo mtu.

Nimeondoka nikiimba. Plagi! Ilikuwa plagi tu!

Baadaye: si plagi. Imekohoa na kulala karibu na kisima cha bomba. Nikaisukuma kurudi kwa fundi huku jasho likinitoka. Pale getini kwake nikafungua tangi kumwonyesha kwamba nina mafuta, nikapiga kiki: ikawaka. Fundi akanitazama kwa huruma. Akasema huenda tatizo ni dereva.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku nimefikiri mpaka kichwa kikaniwanga. Pap ya kichochoroni ilitokea nikikata kushoto. Nimejaribu uani: nikipinda usukani kulia, inanguruma. Nikipinda kushoto, pap. Kulia, hai. Kushoto, maiti. Nimeshinda! Pikipiki haipendi kushoto.

Kwa hiyo nimepanga safari ya kona za kulia tu. Ukitaka kwenda kushoto, unakata kulia, kulia, kulia tena, unatokea palepale ulipotaka. Akili ni mali. Nimempita mshona viatu mara nyingi mpaka akaniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nikamwambia niko kwenye utafiti. Akaniombea heri.

Kisha, kwenye barabara iliyonyooka kabisa, ikakohoa, ikalegea, ikafa. Sikuwa nimekata kushoto wala kuwaza kushoto!

Mke wangu kanisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mchele. Akasema kuna kufa kwa kukohoa na kuna kufa kwa ghafla, basi labda ni magonjwa mawili. Nikacheka. Mashine moja, ugonjwa mmoja, hilo hata mtoto analijua. Akasema haya, akaendelea kupepeta. Ile haya yake siipendi.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni, ila nimebuni jambo. Nimemwita mwanyumba aje kuijaribu, uwanjani kwa baba mkwe, mzee akiwa amekaa barazani. Izimike mikononi mwake! Mzee aone kwa macho yake kwamba mkwe mkubwa ana mkosi na mashine.

Kaja na tabasamu lake. Kabla ya kupanda akafungua tangi, akachungulia, akarudisha mfuniko bila kuukaza. Akazunguka mtaa mzima. Mimi nimekaa nasubiri ukimya. Ukimya haukuja. Karudi anapiga honi! Tena uwanja wa mzee unaingiwa kwa kulia, bahati yake iliyoje.

Akasema iko sawa, mdogo wangu, ila mfuniko nimeuacha umelegea kidogo, naona unakwenda vizuri hivyo. Baba mkwe kampongeza. Mama mkwe kamletea maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na kiu yangu.

Alipoondoka nimeukaza mfuniko kwa mikono miwili mpaka mishipa ikanisimama. Ati ulegee, petroli inimwagikie mapajani siku ya mashindano! Ananiona mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Fundi Kesho kakubali kuja leo, siku yake ya mapumziko, kwa sababu mke wangu alimwendea mwenyewe. Kaupinda usukani polepole huku ameinamisha sikio. Pap. Akavua taa ya mbele, akavuta waya mmoja mwembamba. Ni waya wa swichi ya kuzimia. Umechubuka pale unaposuguana na shingo ya usukani, na ukipinda kushoto, shaba inagusa chuma na moto unakatika. Kaufunga kwa utepe. Nimekata kushoto mara nyingi hata kuku wa jirani wakapata kizunguzungu. Inanguruma tu!

Nimemwambia mke wangu: umeona? Ugonjwa mmoja. Akauliza, na ile ya kukohoa kwenye njia iliyonyooka? Nikamweleza kwamba ule nao ulikuwa waya, isipokuwa ulikuwa unawaza kushoto. Fundi akakusanya spana zake haraka akaaga.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kabla sijalala.

Baba mkwe kapanda nyuma, kanzu safi, fimbo mapajani. Mwanyumba akasema atatufuata kwa baiskeli, kwa heshima. Heshima! Alitaka kuuona mguu ukigusa.

Tukaenda. Kona ya kushoto ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikaanza kuwaza mayai yangu kwa mwoka mikate. Tukaanza kupanda kilima. Ikakohoa.

Nikaibembeleza. Nikaitukana kimoyomoyo, maana mkwe yuko mgongoni. Ikalegea, ikakata roho. Nikapiga kiki mpaka goti likaniuma: wapi! Sikuelewa kitu, sikuelewa hata kidogo, nilitaka kulia. Nikashuka kwa hadhari pikipiki isilale, nikamwambia mzee anisamehe, nimeshindwa.

Mzee hakushusha mguu. Akainyanyua miguu yote miwili, akainyoosha mbele yake juu ya tangi, akaniambia kwa sauti ya chini: “Sukuma, mwanangu. Yule ana baiskeli. Wewe una nini?”

Nikasukuma. Mzee ni mzito, na kilima hakikuwa na nia ya kwisha. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Miaka yote hii nilidhani hanihesabu kuwa mtu, kumbe ananitaka nishinde! Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mzee yule pale kilimani, ingawa fimbo yake ilikuwa inanichoma ubavuni.

Mwanyumba akatufikia. Hakucheka. Akalaza baiskeli, akaja kusukuma upande wa pili bila kuulizwa. Tulipofika juu akafungua tangi. Fyuuu! Akaugeuza mfuniko, akaukwangua kwa ukucha. Akasema hapa pana kitundu cha hewa, na kimezibwa na gundi. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie nyuma yake, isipoingia tangi linayashikilia mafuta, kabureta inabaki na njaa, injini inazimika. Ukifungua mfuniko, hewa inaingia, inafufuka. Akakizibua kwa pini ya kola yake. Kiki moja!

Mzee akauliza ni nani mpumbavu aliyeziba. Nikasema mafundi wa siku hizi wana mambo. Mwanyumba akatazama pembeni.

Tulifika mlangoni kwa mdogo wake. Mzee akaushusha mguu kwenye kizingiti, taratibu, watu wote wakiuangalia. Akasema neno ni neno: mguu haukugusa. Pikipiki ni yangu! Mwanyumba kanipa mkono, kanishika hata begani. Mpaka sasa nashangaa kwa nini hakukasirika.

Jumatatu, 10 Machi

Mayai yote yamefika kwa mwoka mikate kabla ya kukanda. Pikipiki haikuzimika hata mara moja.

Niliporudi nimemkuta mwanyumba mlangoni na zawadi. Chujio la mafuta, jipya, la plastiki inayoonyesha ndani. Akasema tangi la zamani lina kutu, mdogo wangu, hili litaikinga kabureta. Akalifunga mwenyewe kwenye mpira wa mafuta, akanywa chai, akaenda zake.

Mke wangu anasema ni mtu mwema. Nami karibu nikubali. Ila mchana nimelitazama lile chujio: limejaa uchafu mwekundu! Asubuhi lilikuwa jeupe kabisa. Kumbe ndiyo zawadi yenyewe, kaja kuniletea kutu! Sasa ninaelewa kwa nini hakukasirika.

Nimelichomoa, nimelitupa juu ya paa, nimeunga mpira moja kwa moja ili mafuta yashuke bila kizuizi. Kesho alfajiri kuna mayai mengi zaidi. Nimeitia moto kuijaribu. Imewaka vizuri kabisa. Imekohoa kidogo tu, pale getini. Nadhani ni furaha.